Mashavu Yanayostahimili Upepo wa Kaikor

Binamu yangu aliolewa Kaikor, Turkana, mwezi wa Februari, na mimi ndiye niliyetoka Lodwar na sanduku la vipodozi. Kufikia saa nne asubuhi alikuwa tayari, ameketi ndani ya ekol, kile kibanda cha matawi tunachokaa mchana, shanga zimepangana kuanzia mabegani hadi kidevuni, mashavu yana rangi ya waridi. Saa sita upepo ukaja. Alipotoka nje kulaki wageni, poda ile ilikuwa imegeuka kijivu na jasho limechora mistari miwili kando ya pua. Ata, nyanya yetu, hakusema neno. Alifungua kijikopo chake, akachovya ncha ya kidole kwenye mafuta yaliyochanganywa na emunyen, udongo mwekundu, akafuta shavu la mjukuu wake kwa kiganja, akampaka tone moja kila upande na kusugua mpaka mafuta yakaingia. Rangi ile nilikuja kuiona tena usiku, ngoma imekolea, bado iko mahali pake.

Tangu siku hiyo sinunui tena blasha kama nilivyokuwa nikinunua. Kijikopo cha ata kilikuwa na rangi iliyokolea, kilikuwa na mafuta kidogo ya kuishikilia, na hakikuwa na unga mweupe wa kuipoozesha. Poda yangu ya dukani ilikuwa kinyume chake kwa yote matatu. Vidokezo hivi vimetoka hapo.

1. Anza na mahali, ndipo uje kwenye ngozi

Ukiuliza habari za blasha, swali la kwanza utakaloulizwa ni ngozi yako: kavu au ya mafuta? Sisi wa kaskazini tuanze na mchana wetu. Lodwar joto hupita nyuzi 35 siku nyingi za mwaka, na Kaikor nako jua halibembelezi mtu. Juu ya joto kuna upepo. Mkondo wa hewa unaopenya kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya una nguvu kiasi kwamba ng'ambo ya Ziwa Turkana, upande wa Loiyangalani, unazungusha mitambo 365 ya kuzalisha umeme. Huku kwetu upepo huo unabeba vumbi la laga, ile mito ya msimu, mpaka usoni pako.

Kwa hiyo jiulize: leo nashinda nje au ndani? Kama uko sokoni, safarini kwa boda boda au kwenye foleni ya maji, chagua blasha ya maji, au krimu nyembamba unayoweza kuisugua ikaingia. Kama uko ofisini penye feni au kanisani asubuhi, poda itakufaa. Krimu nzito, ile inayobaki ikinata hata baada ya dakika kumi, iache kabisa. Kila punje ya vumbi inayopita itatua hapo.

2. Pima ngozi yako kwa tishu na subira ya saa moja

Osha uso kwa sabuni ya kawaida isiyo kali, ujikaushe, usipake kitu chochote, ukae kivulini kwa saa moja. Kisha bandika kipande cha tishu kwenye paji la uso, puani na mashavuni. Tishu ikitoka na madoa ya mafuta kila mahali, ngozi yako ni ya mafuta. Ikitoka na madoa paji la uso na pua tu, ni mchanganyiko, na wengi wetu tuko hapo. Ikitoka safi na ngozi inakuvuta ukitabasamu, ni kavu.

Kuna jambo linalotuchanganya sana huku. Hewa yetu kavu hunyonya maji kwenye ngozi ya kila mtu, hata ile ya mafuta. Msichana anaona mashavu yamepauka, anadhani ngozi yake ni kavu, anajipaka mafuta mazito, wiki ya pili chunusi zimejaa. Kama tishu yako ina madoa lakini ngozi inaonekana imefifia, unachokosa ni maji, si mafuta. Paka losheni nyepesi uso ukiwa bado na unyevu, ndipo uje na blasha.

3. Zijue aina, kisha chagua moja

Poda ndiyo inayopatikana kila duka na ndiyo rahisi kuipunguza ukizidisha. Inapenda ngozi ya mafuta. Kwenye ngozi kavu huketi juu kama chaki na kuonyesha kila ganda. Krimu hupakwa kwa kidole, huyeyuka kwa joto la mkono wako, na ndiyo ninayompa mwenye ngozi kavu au mama wa makamo ambaye mashavu yake yameanza kukunjamana. Stiki ni krimu iliyogandishwa kwa nta zaidi, hivyo husafiri vizuri. Jeli ni nyepesi, ina maji mengi, hukauka haraka, na mwenye chunusi huivumilia.

Blasha ya maji, ile wengine wanayoiita tinti, hutia doa ngozi yenyewe badala ya kukaa juu yake. Jasho haliitoi kirahisi na vumbi halina pa kushika. Kwa Kaikor ningeiweka ya kwanza, isipokuwa inataka mkono mwepesi: ukichelewa sekunde chache kabla ya kusambaza, utabaki na duara la rangi mpaka jioni. Weka tone moja, sambaza, ndipo uende shavu la pili. Na mwenye ngozi iliyokauka sana aanze na losheni, la sivyo rangi itazama kwenye nyufa na kuacha mabaka.

Ukiwa na pesa ya kikopo kimoja tu, chukua krimu nyembamba yenye rangi kali. Itafanya kazi mashavuni, itafanya kazi midomoni.

4. Geuza kikopo usome mgongo

Hapa ndipo ningependa utulie nami kidogo. Nyuma ya blasha nyingi kuna maandishi madogo sana, na kati yake kuna namba zinazoanza na herufi CI. Tafuta CI 77491. Hiyo ni oksidi nyekundu ya chuma, yaani kutu kwa lugha ya nyumbani, na ndiyo hasa inayofanya udongo wa ata uwe mwekundu. Niliposoma jambo hilo mara ya kwanza nilikwenda kumwonyesha. Alikishika kikopo cha plastiki, akakinusa, akauliza kwa nini basi kinauzwa ghali hivyo.

Jibu moja ni usafi. Udongo wa asili unaweza kubeba madini ya risasi au aseniki, hivyo viwanda hutengeneza oksidi yao na kuipima kabla ya kuitia kwenye kipodozi. Lakini rangi ni ileile. Wanawake wa Kihimba wa Namibia hujipaka mwili mzima udongo huo kwa siagi, mchanganyiko wanaouita otjize, na watafiti waliopima udongo wa aina hiyo wamekuta unazuia sehemu ya miale ya jua. Oksidi za chuma huzuia pia mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, ambao kwenye ngozi nyeusi huchangia yale madoa meusi yanayobaki baada ya chunusi. Ndiyo maana losheni za jua zenye rangi ya udongo hupendekezwa kwa watu wenye madoa hayo. Blasha peke yake haitoshi kukukinga, lakini ni vizuri kujua kwamba mama zetu hawakuwa wakicheza na tope.

Sasa tafuta CI 77891. Hiyo ni titani dioksidi, rangi nyeupe. Kwenye ngozi ya Mzungu inalainisha waridi. Kwenye ngozi yako inaleta majivu, na ndiyo iliyomharibia binamu yangu siku yake. Ukiiona usikimbie papo hapo, kwa sababu nyingi zinayo kidogo, na rangi huorodheshwa mwishoni bila kufuata wingi wake. Chukua rangi kidogo kwa kidole, sugua ndani ya mkono karibu na kiwiko mpaka iishe. Ikiisha ikiacha wekundu, nunua. Ikiacha ukungu mweupeupe, rudisha kikopo.

Namba ya tatu ni CI 75470, kamini, wekundu mzuri sana unaotolewa kwa wadudu waliokaushwa na kusagwa. Wapo wateja wangu wanaojiepusha nayo kwa sababu za dini, na wapo wachache inayowawasha. Sasa unajua pa kuitazama.

5. Usiogope rangi inayoonekana kali ndani ya kikopo

Kiswahili kilishatupa majina ya ngozi kabla ya kampuni yoyote kuyapa namba: mweusi tii, maji ya kunde, mweupe. Tuyatumie.

Kama wewe ni mweusi tii, tafuta zambarau iliyoiva, damu ya mzee, nyekundu ya matofali, au chungwa lililokolea mpaka linakaribia wekundu. Dukani zitakutisha. Shavuni zitatulia. Waridi hafifu na rangi ya pichi waachie wengine. Kama wewe ni maji ya kunde, kama Wasomali na Waethiopia wengi utakaowakuta kambi ya wakimbizi ya Kakuma, rangi ya udongo, waridi lililokolea na hudhurungi yenye wekundu zitakukubali. Mweupe apunguze kiasi, si aina: damu ya mzee kidogo sana, iliyosambazwa vizuri, hupendeza hata kwake.

Njia ya mkato ninayoiamini ni mdomo. Pindua mdomo wa chini utazame rangi ya ndani. Blasha inayokaribia rangi hiyo, ikiwa imekolea kidogo zaidi, haitakukataa. Ushauri wa kutazama mishipa ya mkono kama ni ya kijani au ya bluu haufai kitu kwa mtu ambaye mishipa yake haionekani.

Na kama umewahi kuondoka dukani ukidhani tatizo ni ngozi yako, sikiliza. Mwaka 1973 Eunice Johnson, aliyemiliki jarida la Ebony la Marekani pamoja na mumewe, alianzisha vipodozi vya Fashion Fair baada ya kuona wanamitindo weusi wakijichanganyia rangi wenyewe nyuma ya jukwaa kwa kukosa za kununua. Iman, Msomali aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi alipogunduliwa kama mwanamitindo, alitoa vipodozi vyake mwaka 1994. Rihanna alipofungua Fenty Beauty mwaka 2017 kwa rangi 40 za faundesheni, dunia ilishangaa kana kwamba ngozi hizo zilizaliwa mwaka huo. Hapa Kenya Suzie Wokabi alitutengenezea SuzieBeauty. Tatizo halikuwa ngozi yako wakati wowote.

6. Jaribu nje, kwenye shavu, kivulini

Taa ya duka hudanganya na jua la saa saba huunguza kila rangi ikaonekana imepauka. Omba ruhusa, paka kidogo shavuni, toka nje usimame chini ya mti au kibarazani, ujitazame kwa kioo kidogo. Mgongo wa mkono hauna rangi moja na uso, usiutumie. Muuzaji akikataa usijaribu, muombe yeye apake kwa kijiti cha pamba ambacho hakijatumika. Akikataa hata hilo, kuna duka lingine mbele.

7. Kakuma utapata kila kitu, kwa hiyo chagua

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 na soko lake limekua likakusanya urembo wa nusu ya Afrika. Wasomali wanauza hina na kasili, unga wa majani wa kusafishia uso, ambao mimi binafsi naupenda kabla ya siku ya shughuli. Wakongomani wanajua kusuka na kuremba kuliko wengi wetu. Ukitaka rangi kali zinazofaa mweusi tii, nenda kwa wanaouzia wateja wa Sudan Kusini, maana wanajua ngozi za wanunuzi wao.

Ila katika meza hizohizo kuna krimu za kujichubua. Zenye zebaki na zile zenye haidrokwinoni zimepigwa marufuku Kenya, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Zebaki huharibu figo. Mwanamke mjamzito huipitisha kwa mtoto. Haya ninayataja kwenye makala ya blasha kwa sababu wengi wanaonijia wakilalamika kwamba kila blasha inawawasha, nikiwauliza taratibu, wanakiri kwamba chini yake kuna mkorogo wa kujichubua. Ngozi iliyochubuliwa imepoteza ganda lake la ulinzi. Dada, acha mkorogo kwanza, umwone daktari wa ngozi au muuguzi wa kituo chako, uso upumzike miezi kadhaa. Blasha itakusubiri.

Bidhaa ikiwa na alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, ina pia namba ya kibali. Tuma ujumbe mfupi wenye SM, alama ya # na namba hiyo kwenda 20023, utajibiwa ni ya nani. Zinazotoka nje ya nchi hubandikwa stika yake. Fanya hivyo ukiwa bado umesimama mbele ya muuzaji.

8. Brashi yako ni yako

Turkana ni miongoni mwa kaunti zenye ugonjwa wa trakoma, au vikope. Huenezwa na nzi, vidole na vitambaa vinavyogusa macho ya mtu mmoja hadi mwingine, na ukirudi mara nyingi kope hugeukia ndani, nywele zake zikaikwaruza mboni mpaka mtu akapofuka. Mashavu yako karibu na macho. Brashi inayozunguka kwa wasimamizi sita wa harusi huku nzi wakitua juu yake, na macho ya mmoja yana tongotongo, inaweza kuwa njia.

Mimi sasa hutumia pamba mpya kwa kila uso. Krimu naichota kwa kijiti safi, naiweka mgongoni mwa mkono wangu ulionawa, ndipo napaka kutoka hapo, na kijiti hakirudi kikoponi mara ya pili. Mwenye macho mekundu simpaki. Namwambia kwa upole aende kituo cha afya, dawa ipo.

9. Linda kikopo na joto

Blasha za kujitengenezea kwa mafuta ya nazi zinapendeza Limuru penye baridi. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo kwetu yatakuwa maji tangu saa tatu asubuhi. Nta ya nyuki huhitaji zaidi ya nyuzi 60, ndiyo maana stiki yenye nta nyingi hubaki wima. Tafuta neno hilo kwenye orodha ya viungo. Usiache kikopo kwenye dashibodi wala kwenye mkoba uliofungwa nyuma ya pikipiki. Nyumbani, kizungushie kitambaa kikavu ukiweke kando ya mtungi wa maji, mahali penye baridi kuliko kwingine.

Poda nayo adui yake ni barabara. Weka kipande cha pamba kati ya poda na kifuniko kabla hujapanda lori. Ikivunjika hata hivyo, isage laini, changanya na vaselini kidogo kwenye kopo safi na kavu, utapata krimu. Usitie maji kamwe, yataotesha ukungu.

Na ile picha ya kikopo kilicho wazi yenye 12M au 24M ni miezi ya kutumia tangu ulipofungua. Kwa joto letu mimi hupunguza. Krimu ikianza kunuka kama mafuta yaliyochacha au kutoa matone juu, itupe.

10. Paka juu zaidi ukiwa umevaa shanga

Shanga zikijaa shingoni, wekundu wake hurudi chini ya kidevu na taya, hasa jua likiwa juu. Ukipaka blasha chini, uso wote unakuwa mwekundu sehemu moja. Panda nayo kwenye mfupa wa shavu, uivute kuelekea sikio, uache nafasi ya vidole viwili kutoka puani. Chagua isiyo na vimetameta kwa mchana, kwa sababu mng'ao na jasho ukikaa mbali havitofautiani. Vimetameta vya dhahabu vitoe jioni, moto ukiwashwa.

11. Kwa picha, ongeza mara moja

Simu nyingi hung'arisha uso na kula rangi. Piga picha moja ya majaribio kabla ya kuongeza.

12. Itoe kabla ya kulala, hata maji yakiwa haba

Najua maji yanatoka wapi Kaikor na yanabebwaje. Huhitaji beseni. Paka mafuta kidogo ya kula au vaselini kwenye mashavu, zungusha vidole polepole mpaka rangi na vumbi vilegee, futa kwa kitambaa laini kikavu. Kisha chovya upande wa pili wa kitambaa kwenye maji yenye sabuni kidogo, pangusa, umalizie kwa maji matupu. Kikombe kimoja kinatosha. Binamu yangu alifanya hivyo usiku ule wa harusi, akanirudishia kitambaa: upande mmoja ulikuwa na vumbi la kijivu la poda yangu, upande wa pili mstari mwembamba wa udongo mwekundu.